Mwongozo wa Kukimbia Foleni za Krismasi kwa Kwenda Nyakatuntu

Mzazi wa Dar es Salaam mwenye watoto wadogo huanza kuulizwa mapema Desemba: baba, Krismasi tunakwenda wapi? Majibu hayazidi matatu. Kuna Kunduchi, kwenye mabwawa yenye mitelezo ya maji. Kuna Fun City, Kigamboni. Kuna Coco Beach, ambako angalau mihogo ipo na bahari haina kiingilio. Kote huko kinachokungoja ni kimoja, foleni: ya magari Magogoni kungoja kivuko (au ya kulipia Daraja la Nyerere, ukidhani wewe ndiye mjanja wa kwanza kulikumbuka tangu lifunguliwe mwaka 2016), kisha ya tiketi, kisha ya mtelezo wenyewe, ambapo mtoto huchomwa na jua nusu saa ili ateleze kwa sekunde chache, halafu ya choo. Ya choo ndiyo isiyosamehe.

Hapo ndipo mtu mwenye asili ya Karagwe au Kyerwa hupata wazo. Mwaka huu tunakwenda nyumbani. Nyakatuntu, kule Kyerwa, kumetulia, kuna hewa, kuna migomba, watoto wakamwone bibi. Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na ausome kabla hajakata tiketi.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba foleni uliyoikimbia Kunduchi itakupokea Mbezi. Kituo cha mabasi cha Magufuli, kilichozinduliwa Februari 2021, ni kikubwa kweli, lakini wiki ya Krismasi hujaa watu ambao nao wamesikia kwamba nyumbani kumetulia. Mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, iliyochukua kazi ya SUMATRA mwaka 2019, hutoa vibali vya muda kwa mabasi ya ziada na kuonya dhidi ya wanaopandisha nauli. Nia njema. Basi la ziada utalitambua mwenyewe: kiti kimefungwa kwa kamba, na mbele ya safari dereva huwauliza abiria tukifika Lusahunga tunashika njia ipi. Wewe usijibu. Ukijibu umekuwa kondakta.

Zamani basi lililala njiani, na abiria wakalala nalo. Tangu serikali iliporuhusu tena safari za usiku mwaka 2023, basi halilali, kwa hiyo na wewe hulali. Morogoro, Dodoma, Singida, Kahama, zaidi ya kilomita 1,300 hadi uione Kayanga, na mapajani una mzigo usio wako. Jirani wa Mbagala aliposikia unakwenda alikuletea "kamfuko kadogo tu, ka mama". Kamfuko kana sufuria mbili na blanketi.

Ukishuka Omurushaka usifurahi bado. Zimebaki gari ndogo za abiria, wenyewe wanaziita mchomoko, ambazo kiwandani zilihesabiwa watu watano na huku hakuna aliyepewa habari hiyo. Dereva atashiriki kiti chake na abiria mwenzake, na gia wataelewana. Kipande cha mwisho ni bodaboda, na kama familia ni kubwa mtapangwa mshikaki. Desemba bado ni mvua za vuli. Barabara ya udongo mwekundu inateleza kuliko chochote cha Kunduchi, bila maji ya kukupokea chini. Lipa pikipiki mbili. Ubahili wa siku hiyo utautibu kwa fedha nyingi zaidi.

Sasa umefika. Hapa ndipo wasiojua huumia, kwa sababu hakuna aliyewaeleza mpango wenyewe ulivyo. Mjini ulisimama kwenye foleni kungoja bembea. Nyakatuntu wewe ndiye bembea. Kila mtu katika kijiji ana haki ya mzunguko wake, hakuna lango wala saa ya kufunga, na kiingilio unalipa wewe.

Wa kwanza hufika kabla hujamaliza chai. Wazee huja kukujulia hali, na hao uwape muda wao wote, ukae chini, uache simu ndani, usalimie kwa mikono miwili na uulizwe habari za watu waliokufa kabla hujazaliwa. Usijaribu kufupisha. Mzee aliyefupishiwa salamu atakwenda kusema mjini kumekuharibu, na habari hiyo itafika Kaisho kabla ya jua kuzama.

Baada yao huja mama aliyekubeba mgongoni ulipokuwa mdogo. Atafuatwa na mwingine aliyekubeba, na mwingine. Ukijumlisha waliokubeba utaona kwamba hukuwahi kukanyaga chini mpaka darasa la pili. Usihoji. Kila mmoja mpe chochote, hata sukari kilo moja, na umwite mama.

Kisha anakuja mjomba, naye ana karatasi. Mtego huu ni mkubwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Desemba ndio mwezi wa wanafunzi waliomaliza darasa la saba kujua wamepangiwa sekondari gani, na shule zinafunguliwa Januari. Fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza inataka sare, madaftari, godoro, wakati mwingine jembe na ndoo. Ada ya shule za serikali ilifutwa, lakini godoro halikufutwa. Na fedha ya kahawa? Msimu wa kahawa Kagera huanza katikati ya mwaka. Kufika Krismasi ya kwake imeshakuwa mabati, deni la dukani na posa ya mtu. Mbaya zaidi kama aliuza kwa butura, yaani alichukua fedha kwa mlanguzi kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya mwenye njaa. Serikali imeipiga marufuku butura miaka nenda rudi, na chama cha ushirika cha KDCU kipo, lakini mtoto akiumwa Februari mlanguzi ndiye anayepatikana usiku. Kwa hiyo mjomba akitoa fomu mfukoni, usimkasirikie. Soma orodha, chagua kitu kimoja, sema "godoro ni langu", na ulinunue wewe mwenyewe. Anayejibu "nitaona" atatembelewa tena kesho, na siku ya tatu atatembelewa na mtoto mwenyewe, amevaa sare ya kaka yake.

Mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Mgeni wa Krismasi anayejulikana zaidi katika historia ya Karagwe ni John Hanning Speke, aliyekuwa kwa mfalme wa huko, Mukama Rumanyika, Desemba 1861 akielekea kutafuta chanzo cha Nile. Speke mwenyewe aliandika kwamba Rumanyika, aliposikia Waingereza wana desturi ya kula nyama siku hiyo, alimpelekea ng'ombe. Mwenyeji ndiye aliyetoa ng'ombe! Speke aliondoka Januari. Mwenzake Grant, aliyekuwa na mguu mbovu, alibaki Karagwe mpaka Aprili 1862. Mgeni wa Krismasi aliyekaa hadi Aprili: nadhani ndipo wenyeji walipoketi na kuamua kwamba kuanzia sasa ng'ombe atanunuliwa na anayekuja.

Siku ya Krismasi kanisani kunajaa, wawe Walutheri wa Dayosisi ya Karagwe au Wakatoliki wa Jimbo la Kayanga, lililoanzishwa 2008. Fika mapema upate benchi, lakini hatari haiko kwenye benchi. Hatari iko nje baada ya ibada, kwenye mnada wa sadaka. Waumini huleta walicho nacho: mkungu wa ndizi, jogoo, mayai, kikapu cha maharage. Mwenye kunadi ni mtu hodari, na amekwisha kuona viatu vyako. Jogoo ataanza kwa bei ya jogoo. Mtu wa nyuma, ambaye hajawahi kununua jogoo maishani, ataongeza. Utaongeza wewe. Atatajwa baba yako kwa jina. Utaongeza tena. Mwisho utatoka pale na jogoo aliyekugharimu bei ya mbuzi, na desturi njema ni kumrudisha anadiwe upya. Wanaojua hubeba fedha ya mnada katika mfuko mmoja na nauli ya kurudi katika mfuko mwingine, na mfuko wa nauli wanampa mke.

Fedha taslimu, kwa jumla, toa mjini. Tarehe 24 wakala wa miamala atakuwa na foleni yenye urefu wa Kigamboni nzima, na ukifika dirishani atakuambia cash imekwisha, subiri mtu aje kuweka. Hakuna anayekuja kuweka. Siku hiyo kila mtu anatoa.

Chakula hakihitaji mwongozo. Ndizi zitakuwepo, na kama mwaka ni mzuri senene nao watakuwa wameanguka. Wale wakiwa wa moto na usiulize mafuta. Rubisi, pombe ya ndizi, pokea, onja, rudisha kibuyu. Ukikimaliza kinajazwa.

Watoto ndio suala lenyewe, maana safari ilikuwa yao. Jioni ya Krismasi kila mtoto wa kata huvaa nguo ya sikukuu na kwenda senta. Kuna soda, pipi, mpiga picha mwenye kitambaa cha maua nyuma, na muziki wa spika mbili. Watembee, wafurahi, wachafue viatu vipya. Ila wakialikwa ukumbini kwenye disko toto, mzaha uishie hapo. Sikukuu ya Idd el Fitri, tarehe 1 Oktoba 2008, mjini Tabora, watoto wapatao 20 walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana katika ukumbi uliojazwa kupita kiasi. Tangu hapo, sikukuu zikikaribia, polisi wa mikoa mbalimbali hutangaza kupiga marufuku disko toto, na wenye kumbi huangalia kama kuna askari karibu. Chumba chenye mlango mmoja na watoto wengi ni hatari ileile, kiwe Tabora au senta ya kwenu. Nenda nao, simama nje mahali wanapokuona, na muziki wausikilizie uwanjani.

Na kama baada ya yote hayo bado unautaka utulivu ulioufuata, upo, ila si kijijini. Mwaka 2019 yaliyokuwa mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi, na sasa ni Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Ibanda-Kyerwa iko wilayani humohumo, kwenye kona ambapo mto Kagera unazitenga Tanzania, Rwanda na Uganda. Kuna nyasi, vilima, wanyama, na saa ya simu ikidaka mtandao wa Rwanda inarudi nyuma kwa saa moja, zawadi ambayo hakuna bustani ya michezo mjini inayoitoa. Foleni langoni hutaiona. Watu wa Serengeti na Ngorongoro hawajaisikia, na watu wa Nyakatuntu wengi hawajawahi kuingia, kwa sababu siku ya mapumziko wote wako kwako.

Kwa hiyo kodi gari tarehe 27, nenda asubuhi na mapema, na usimwambie mtu usiku uliotangulia. Akijua mmoja mtakuwa kumi na mmoja ndani ya gari la watu saba, na wawili kati yao watakuwa wamekubeba mgongoni. Ukishindwa kuficha, basi nenda nao. Kiingilio cha raia kinalipika, na mama mwenye miaka sabini aliyeishi jirani na hifadhi hiyo maisha yake yote anastahili kuiona kabla ya Mzungu wa kesho.

Tiketi ya kurudi ikate Dar siku unayokata ya kwenda. Wiki ya kwanza ya Januari mabasi ya kutoka Karagwe hujaa, na mwenye kamfuko ka kurudisha Mbagala ameshajua siku unayoondoka.