Karanga za Nyawera

"Papa Furaha, huu si mwandiko wako?"

Mama mkwe alikuwa amemaliza karanga zake. Kama kila mtu wa Bukavu, akakikunjua kile kifuko cha karatasi asome kilichomo. Kwa kawaida ni hesabu za mtoto wa darasa la nne, au imla ya Kifaransa iliyojaa wino mwekundu. Jumanne jioni alinikuta mimi. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti kama anayesoma tangazo kanisani: "Moja, kodi ya nyumba. Mbili, viatu vya Furaha. Tatu, umeme. Nne, mama mkwe atarudi Uvira lini?"

Mke wangu akakimbilia jikoni kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni.

Yote yalitokana na ushauri niliopewa: kila jioni andika yanayokuzonga, kunja karatasi, tupa, lala. Nikafanya hivyo wiki tatu. Kumbe binti yangu Furaha alikuwa akiziokota na kumpelekea mama wa karanga pale Nyawera, naye akimlipa kiganja cha karanga. Nilikwenda kulalamika, nikaishia kumtazama nusu saa nzima. Karatasi aliikata katikati, akaizungusha kwenye vidole viwili mpaka ikawa pembe, ncha ya chini akaipinda kwa kidole gumba, akamimina karanga, mdomo akaufunga kwa mkunjo mmoja. Hapana gundi, hapana uzi, na haidondoki hata chembe ya chumvi. Nikanunua viwili.

Na ushauri wenyewe si upuuzi. Bluma Zeigarnik, mzaliwa wa Lithuania aliyesomea saikolojia Berlin, aliwapa watu kazi ndogondogo, nyingine akazikatiza katikati. Matokeo aliyachapisha mwaka 1927: walizikumbuka zaidi zile zilizokatizwa. Akili ni kama mwenye duka: deni lililolipwa analifuta, ambalo halijalipwa analala nalo. Mwaka 2011, Masicampo na Baumeister wa Marekani wakaonyesha kwamba huhitaji hata kumaliza kazi. Ukishaipangia lini na vipi, akili inakuachia.

Haya, nipangieni namba tatu, umeme. Mto Ruzizi unatokea ziwani hapa hapa mjini kwetu. Bwawa la Ruzizi I lipo tangu enzi za Wabelgiji, Ruzizi II tangu 1989, na mimi orodha yangu naiandika kwa mshumaa. Nipange nini, na nani? Hapo kicheko kinanikauka. Wanaotuhimiza kusafisha vichwa hawajawahi kuruka kitandani saa nane za usiku kupiga pasi sare ya mtoto kwa sababu umeme umerudi na hakuna ajuaye utakaa dakika ngapi. Nusu ya takataka za kichwani mwangu zimetupwa na watu wengine.

Nilijaribu pia ushauri mwingine, kutembea alfajiri bila simu. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope la Kadutu. Kukaa kimya dakika kumi kulishindwa na jenereta ya jirani.

Mama mkwe ameahirisha safari. Anasema kwanza anataka kusoma karatasi zilizobaki, na kila siku anamtuma Furaha karanga. Kwa hiyo, mama wa Nyawera, nakuomba: karatasi zote zenye mwandiko uliolalia kushoto niwekee mimi, nitalipa bei ya karanga. Hasa ile iliyomtaja mwenye nyumba.