Mwizi wa Udongo

Ukitaka kuitwa mchawi jua likiwa utosini, soma sayansi ya mazao na udongo. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili (jina tunalihifadhi, maana siku hizi ni bwana shamba mwenye heshima zake) alirudi kijijini likizo na kazi moja: kuchukua sampuli za udongo katika shamba la mahindi.

Darasani ni jambo jepesi. Unapita shambani kwa zigizaga, unachimba sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20, unachanganya kwenye ndoo safi na kubaki na nusu kilo. Unakwepa vichuguu na palipomwagwa samadi. Tena udongo hubadilika kwa mpangilio toka kilimani hadi bondeni. Geoffrey Milne, aliyefanya utafiti Amani, Usambara, aliuita mpangilio huo katena mwaka 1935. Kwa hiyo zilitakiwa sampuli tatu: ya juu, ya mteremko na ya mbugani.

Yaani kuiba mara tatu.

Sasa mtazame kwa macho ya mwenye shamba. Kijana anayumba kama mlevi, anainama, anateka udongo, anakizunguka kichuguu kwa adabu, anaandika kitu. Kwa mtu anayejua mchanga wa unyayo hufanyiwa nini, hapo hapahitajiki mpelelezi. Yowe likapigwa. Mjomba mtu akaja mbio kueleza kwamba hayo ni masomo.

"Masomo ya kwa mganga gani?" akaulizwa.

Yakaisha. Udongo wa maabara huanikwa kivulini, na kivuli kilichokuwapo kilikuwa baraza ya bibi. Kuku wa bibi walipouona umetandazwa juu ya gazeti, tifutifu, mkavu, walijua wameletewa bafu. Wakaoga, wakapekua, wakaacha na shukrani zao. Kijana aliokota alichokiona, akachekecha kwa chekeche la milimita 2, akanyamaza.

Maabara hainyamazi. Kinyesi cha kuku kina fosforasi nyingi, na majibu yalionyesha shamba tajiri ajabu, wakati mahindi kwenye picha aliyopiga shambani yana majani ya zambarau, dalili inayojulikana ya njaa ya fosforasi. Mwalimu alitazama picha, akatazama majibu, akavua miwani.

"Nyumbani mnafuga nini?"

Sampuli zilichukuliwa upya. Safari hii mwenye shamba alishika jembe mwenyewe, na udongo ukakaukia juu ya kabati la bibi, mlango umefungwa.