Mwongozo wa Kushindwa Kuunda Kompaila ya SH-4

Umeamua kutengeneza mchezo wa Sega Dreamcast, mashine iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1998 ikiwa na prosesa ya Hitachi SH-4 ya megahezi 200 na RAM ya megabaiti 16. Hongera. Kompyuta yako ni ya x86, kwa hiyo unahitaji kompaila ya GCC inayofanya kazi hapa na kutoa programu za kule. Yafuate maelekezo haya neno kwa neno, na hutapata mchezo wala kompaila.

1. Dharau utaratibu. Wazoefu huanza na binutils, ambamo mna asembla na linka. Hufuata GCC ya awali, ya C peke yake, kisha newlib, maktaba ya C ya mashine zisizo na mfumo endeshi, ndipo waje kwenye GCC kamili yenye C++. Wanadai newlib haijengeki bila kompaila, na kompaila kamili haikamiliki bila newlib. Wewe una haraka zako: andika make tupu, vijengwe vyote kwa mkupuo.

2. Achana na PATH. Binutils za SH-4 zisipoonekana, GCC yako changa itaiokota asembla ya x86 na kuikabidhi amri za SH-4. Asembla hiyo itang'aka kwamba haizijui, nawe utapata nafasi ya kuwatukana walioandika GCC.

3. Jengea ndani ya folda ya msimbo chanzo. Maelekezo ya GCC yanahimiza folda ya pembeni, lakini nani ana muda wa kuyasoma? Mambo yakikwama, badilisha chaguo mbili tatu za configure, uendelee juu ya mabaki yaleyale.

4. Soma mstari wa mwisho tu. Skrini itakwambia imeshindwa kutambua faili za obijekti huishia na herufi gani. Kesha ukizitafakari herufi hizo. Usithubutu kufungua config.log iliyomo ndani ya sh-elf/libgcc (sh-elf ndilo jina la shabaha unayoijengea), kwa sababu humo utakuta sababu yenyewe: pengine asembla haikupatikana, pengine maktaba ya MPC imeshindwa kupakiwa, na starehe yako itaishia hapo.

5. Tumia make -j bila namba. Kazi zitamiminika zote kwa pamoja hadi RAM iishe, na kerneli itaiua cc1plus, sehemu ya GCC inayokompaili C++. Neno Killed likitokea, tangaza kwamba GCC ni mbovu. Wanaopunguza idadi ya kazi na kuendelea kimya kimya ni watu wasiopenda makuu.

6. Usiulize mpangilio wa baiti. Kompaila ya sh-elf, isipoambiwa lolote, hutanguliza baiti kubwa. Dreamcast hutanguliza ndogo. Ukiruka --with-endian=little, ujenzi utamalizika salama salimini. Kasheshe utaikuta baadaye, linka itakapokataa kuunganisha faili zako na maktaba za wenzako.

Siku utakayochoka, fanya kinyume cha yote haya. Futa folda ya kujengea, anza na binutils, na ikikwama panda juu hadi kwenye kosa la kwanza kabisa. Mengi yaliyo chini yake ni matokeo tu, na kuyarekebisha ni kupoteza umeme.