Jinsi ya Kuwa Mjuzi wa Mbio za Oaks Bila Kujua Farasi

Ndugu yangu, umealikwa Epsom, kusini mwa London, kutazama Oaks. Au hukualikwa na mtu, umekaa tu na wenzako mbele ya televisheni, kila mmoja na simu yake ya kubetia. Mtihani ni ule ule: mitamba kadhaa wa miaka mitatu, njia ya mita 2,400 na ushei, na watu wanaokukodolea macho wakisubiri useme neno.

Usitishike. Sitakufundisha kushinda, maana ningekuwa najua kushinda nisingekuwa nakaa naandika. Nitakufundisha kitu kinachodumu zaidi: kupoteza pesa zako huku kila mtu akiamini unajua unachokifanya.

1. Shika siri moja

Siri yenyewe hii, na ibaki baina yetu: hakuna anayejua. Oaks ni ya farasi majike ambao hata kuzaa bado. Mwaka jana walikuwa watoto wa kukimbia mita 1,200 au 1,400, wachache 1,600. Wengi wao ndiyo kwanza leo wanapewa mita 2,400. Mkufunzi hajui kama pumzi itafika. Mpandaji hajui. Tajiri mwenye farasi hajui. Mtamba mwenyewe huenda anahisi kitu, lakini haulizwi.

Basi usijione mnyonge. Zikibaki mita 400, ninyi nyote mko gizani. Wenzako wamekuzidi maneno tu, na maneno hayauzwi.

Jambo moja la kuweka akilini kabla hujagusa pochi: mbio hizi zilianza 1779, zikapewa jina la nyumba ya Earl wa Derby, na mshindi wa kwanza, Bridget, alikuwa farasi wa Earl huyo huyo. Tangu siku ya kwanza, mwenye nyumba ndiye aliyekula.

2. Taja ukoo

Ukiulizwa kama mtamba fulani ana pumzi, usihangaike naye. Wewe soma majina ya wazazi wake. Baba akiwa wa mbio ndefu, sema: "Damu ya baba hiyo." Baba akiwa wa mbio fupi, sema: "Angalieni upande wa mama." Wote wawili wakiwa wa mbio fupi, vuta pumzi, sema: "Lakini bibi yake..." kisha nyamaza. Hakuna atakayetoka kwenda kumtafuta bibi.

Jina la kuanzia ni Galileo. Alishinda mbio za Derby za 2001, halafu akawa baba wa washindi watano wa Oaks: Was mwaka 2012, Minding 2016, Forever Together 2018, Love 2020 na Tuesday 2022. Akitokea mjuaji wa kukukumbusha kwamba Galileo alikufa 2021, mpe mwanawe Frankel. Huyo ni zawadi. Frankel hakukimbia umbali wa Oaks hata siku moja, lakini binti zake Anapurna, Soul Sister na Minnie Hauk waliichukua Oaks 2019, 2023 na 2025. Mfano huo unathibitisha chochote. Unamtaka binti wa farasi mwenye kasi? "Hata Frankel hakuwahi." Humtaki? "Frankel alikuwa mmoja tu."

Ubishi ukipamba moto, toa jeni. Mwaka 2010 watafiti wa Dublin walionyesha kwamba jeni ya myostatini, inayosimamia ukuaji wa misuli, inahusiana na umbali unaomfaa farasi. Wenye nakala mbili za aina iitwayo C huelekea mbio fupi, wenye T mbili huelekea mbio ndefu, wenye moja moja hukaa katikati. Kunja uso useme: "Huyu naona ni T mbili." Jeni haionekani kwa macho, kwa hiyo hakuna wa kukubishia.

3. Mkague kwa macho ya mnunuzi

Kabla ya mbio mitamba huzungushwa mbele ya watu. Simama karibu, mikono nyuma, midomo imebanwa. Tazama miguu. Ukwato wa nyuma ukitua mbele ya alama ya ukwato wa mbele, nong'ona: "Hatua anayo." Akitokwa na jasho shingoni: "Pumzi anaimalizia hapa hapa." Akiwa mkavu: "Ametulia mno, leo amelala." Ukiona huna la kusema, tikisa kichwa taratibu. Kichwa kinachotikiswa taratibu hakijawahi kukosea.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwa na dau. Usiulize yupi ni yupi. Ukimchanganya mmoja na mwingine, una watangulizi wa kuheshimika. Oktoba 2020, pale Newmarket, mitamba wawili wa zizi moja, Mother Earth na Snowfall, walivishwa namba za kubadilishana, wakakimbia hivyo hivyo. Ikatangazwa kwamba Snowfall ni wa tatu, kumbe wa tatu ni Mother Earth. Mwaka uliofuata Mother Earth akashinda mbio za 1000 Guineas, na Snowfall akaichukua Oaks kwa urefu wa farasi 16, pengo ambalo mbio hizo hazikuwahi kuliona. Kama waliowalea walipitiwa, wewe uliyewaona jana kwenye simu utalaumiwa na nani?

4. Yasome matokeo ya nyuma kwa namna inayokufaa

Mwanzoni mwa Mei hukimbiwa 1000 Guineas huko Newmarket, mita 1,600, njia iliyonyooka. Mtamba akishinda pale, una sentensi mbili za kuchagua. Ya kwanza: "Mwenye kasi hahitaji pumzi nyingi." Ushahidi wake ni Minding na Love, walioshinda zote mbili, tena Love akiwaacha wenzake Epsom kwa urefu wa farasi tisa. Ya pili: "Kasi ni kasi, pumzi ni pumzi." Ushahidi wake ni Shadayid, aliyeshinda Guineas ya 1991, watu wakamfuata na pesa zao hadi Epsom, akawa wa tatu. Aliyeshinda ni Jet Ski Lady, wa bei ya 50 kwa 1, kwa urefu wa farasi kumi. Mwaka 2015 yakajirudia: Legatissimo, bingwa wa Guineas, alipigwa kwa tofauti ndogo mno na Qualify, wa bei ile ile ya 50 kwa 1, ambaye kwenye Guineas alikuwa nyuma sana.

Chagua sentensi moja nyumbani, uje nayo. Anayetumia zote mbili mchana mmoja hugunduliwa.

Kuna pia mbio za kupimana: Musidora ya York, Cheshire Oaks ya Chester, na ile ya Lingfield. Chester ni uwanja mdogo, kona karibu njia nzima. Aliyeshinda hapo "anajua kona". Aliyeshindwa hapo "alinyimwa nafasi". Enable alipitia Chester mwaka 2017, na ilipofika Oaks wajuzi wakamtabiria ushindi Rhododendron. Enable akamshinda kwa urefu wa farasi tano. Wajuzi hao hawakuacha kazi, na wewe usiache.

5. Weka akiba ya udhuru

Hapa ndipo ulipo mtaji, kwa hiyo soma mara mbili.

Njia ya Epsom imepinda kama kiatu cha farasi. Inaanza kwa kupanda, mita 40 hivi kwenda juu. Kisha inateremka kuelekea kona ya Tattenham, halafu inanyooka kwa mita mia kadhaa, lakini hata hapo ardhi imelalia upande wa uzio wa ndani. Karibu na mwisho inapanda tena kidogo. Mtu wa kawaida huona uwanja mbaya. Wewe uone ghala. Mlimani: "Alikimbizwa mapema." Kwenye mteremko: "Hakujua kushuka." Konani: "Alisukumwa nje." Kwenye njia iliyolala: "Alikuwa anaegemea uzio." Mwishoni: "Pumzi." Hapo hujagusa mvua bado. Ikinyesha, ardhi ni laini mno kwake. Isiponyesha, ni ngumu mno.

Chagua udhuru wako asubuhi, kabla ya dau, na uutaje mapema kwa sauti ya chini: "Nampenda huyu, shaka yangu ni mteremko." Akishinda, ulimpenda. Akishindwa, ulikuwa na shaka. Kwa sentensi hiyo moja umeshapata kila kitu isipokuwa pesa.

Angalia tu usiweke udhuru mahali ambapo farasi anaweza kukuaibisha. Huku kaskazini mwa dunia kila farasi wa mbio huhesabiwa ametimiza mwaka tarehe 1 Januari, hata kama alizaliwa miezi baadaye. Tuesday alizaliwa tarehe 3 Juni 2019, na Oaks ya 2022 ikaangukia tarehe 3 Juni. Nani angekosa kusema "Huyu bado mtoto"? Mtoto akashinda siku ile ile aliyotimiza miaka mitatu. Waliokuwa upande wa Emily Upjohn walitoka na kitu bora zaidi: mtamba wao alijikwaa akitoka kwenye vizimba, akaachwa, akafukuza njia nzima, akapigwa kwa tofauti ndogo mno. Udhuru wa namna hiyo mtu anawaachia wajukuu.

Msomaji wa Nairobi, mbinu hizi utazitumia vilevile Ngong Racecourse siku ya Kenya Oaks. Tena una ziada: uwanja uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo pumzi ikikatika unailaumu hewa. Usitaje kwamba hata mshindi alivuta hewa hiyo hiyo.

6. Weka dau kiungwana

Bei ya 50 kwa 1 maana yake ukiweka shilingi moja unapata faida ya 50. Bei ya 1 kwa 2 maana yake unaweka mbili upate faida ya moja. Kwa siri, chukua bei za farasi wote, geuza kila moja kuwa asilimia, ujumlishe. Itapita 100. Kilichozidi ni mshahara wa mwenye kampuni ya kubeti, naye hulipwa ashinde yeyote. Hesabu hii usiitaje mezani, utawaharibia watu chakula.

Dau linalomfaa muungwana ni la pande mbili: nusu unaweka kwamba farasi atashinda, nusu kwamba ataingia kwenye nafasi za juu. Akiwa wa tatu unarudishiwa vijisenti, pengine pungufu ya ulichotoa, lakini unapata haki ya kusema "Nilimpata." Watu hulipia neno hilo bei kubwa kuliko hiyo.

Usimchague farasi kwa jina lake zuri. Huo ni ushamba. Mchague kwa nguo za mpandaji, ila useme unamfuata mwenye farasi. Mwaka 2024 Ezeliya alishinda kwa kijani na mabega mekundu ya Aga Khan, aliyelelewa Nairobi utotoni na ambaye jina lake watu wa Nairobi na Dar es Salaam hulisoma kwenye lango la hospitali. Aliyebeti siku ile kwa sababu mjomba wake alilazwa humo na akapona alikula sawasawa na aliyesoma ukoo wa farasi mpaka kizazi cha tano.

7. Wakati wa mbio, sema machache

Mbio huchukua dakika mbili na nusu na kidogo, na Love aliweka rekodi ya 2:34.06. Muda huo unatosha sentensi tatu. Wakiwa mlimani: "Mapema bado." Wakifika Tattenham: "Sasa." Wakinyooka: "Haya! Haya! Haya!" Jina usitaje kabisa. Anayepiga kelele bila jina huwa yuko na mshindi kila mwaka.

8. Mkeka ukichanika

Usikasirike, na usiitazame simu. Hesabu mpaka tatu, halafu sema kwa upole: "Umbali umemshinda." Umbali hauna wakili. Kisha mpongeze mshindi kana kwamba uliwahi kumfikiria, uongeze: "Huyo nilikuwa naye, nikamwacha dakika ya mwisho." Kila aliyekaa mezani atakubali, kwa kuwa kila mmoja anasubiri zamu yake ya kusema hivyo hivyo.

9. Na ukishinda

Hii ndiyo hatari yenyewe, na wengi hawajiandai nayo.

Kwanza, tulia. Mwaka 1989 Aliysa, naye wa Aga Khan, alifika wa kwanza. Baadaye vipimo vikaonyesha chembe zitokanazo na kafuri, akavuliwa ushindi, ukaenda kwa Snow Bride, na Aga Khan akawaondoa farasi wake Uingereza kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo usianze kununulia watu vinywaji kabla pesa hazijaingia.

Pili, watakuzunguka wakutake siri. Kishawishi kitakuwa kikubwa: utataka kuwapa ukoo, jeni, ukwato wa nyuma, kona ya Chester. Ukieleza, mwakani watakufuata na pesa zao, na wewe ndiye utakayekuwa udhuru wao. Wajibu tu: "Sijui, nilimpenda." Wataona ni unyenyekevu wa bingwa, nawe utakuwa umesema kweli kwa mara ya kwanza siku nzima.