Skrubu ya Mjomba

Mjomba wangu wa Kilolo alirithi vitu vitatu kwa baba yake: shamba la mahindi, ugomvi na nguruwe pori, na bunduki ya Mauser. Kibali cha kuimiliki anacho, tena hukionyesha hata kwa wageni wasiouliza.

Chini ya bunduki ile kuna skrubu mbili zinazopenya mbao na kushika chuma chote: moja mbele ya magazini, nyingine nyuma ya kifyatulio. Zikilegea, chuma kinacheza ndani ya mbao, risasi inakwenda inakotaka yenyewe, na kitako kinaanza kupasuka. Risasi zake ni zile za milimita 9.3 alizobuni Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, na teke lake bega la mjomba linalijua vizuri.

Skrubu ya nyuma haikulegea, ilikwisha. Kwa miaka mingi ilifunguliwa kwa kisu cha jikoni, mpaka mfereji wa kichwani ukawa bakuli. Ilipochomoka, mjomba alifunga bunduki kwa mpira wa ndani wa baiskeli, akanipigia simu. "Mjomba, wewe si uko Dar? Gerezani hakukosekani kitu." Skrubu yenyewe akaituma kwa basi, ndani ya gunia la viazi, ili isiibiwe. Haikuibiwa kweli. Ilikuwa chini kabisa.

Pale Gerezani swali la kwanza ni "ya nini hii?" Ukijibu "ya bunduki", mwuzaji anaiweka mezani upesi na kufuta vidole. Basi kwenye duka lililofuata nikasema ni ya kifaa cha shambani. Kinafanya kazi gani? Kinafukuza nguruwe. Mwuzaji akafikiri kidogo, akanishauri ninunue mbwa.

Waliokubali kuipima walichanganyikiwa zaidi. Skrubu ya milimita 6 ni nyembamba. Ya robo inchi inalingana kwa unene, lakini hizo za madukani zina meno 20 au 28 kwa inchi, na hii ina 22. Ukiilazimisha ya meno 20, inaingia mizunguko miwili kwa adabu, kisha inakwama na kuanza kula meno ya bunduki yenyewe. Ndiyo, robo inchi! Mjerumani, mtu wa milimita, mwaka 1898 aliipa nchi yake bunduki iliyofungwa kwa inchi, tena kwa idadi ya meno ambayo hata Waingereza hawakuitumia kwenye robo inchi yao. Sijaona mzaha wa Kijerumani uliodumu kuliko huu.

Mwisho nilielekezwa kwa fundi wa silaha mwenye leseni. Mzee huyu hakugusa skrubu mpaka alipoona nakala ya kibali, na kwa mara ya kwanza majivuno ya mjomba yakawa na faida. Mashine yake ya kuchongea ni ya zamani, ya Kiingereza, na kwenye sanduku la gia namba 22 imekaa kati ya 20 na 24 ikisubiri mteja. Alichonga huku akipiga soga. Kisha akauliza, "Na kijibomba chake?" Kumbe skrubu ya nyuma hupita ndani ya kijibomba cha chuma kinachozuia mbao isipondwe ukikaza. Nikampigia mjomba. Akasema kipo, ila mjukuu wake anakitumia kama filimbi, na mtoto hataki kukitoa.

Tukachonga na kijibomba.

Fundi aliacha skrubu ndefu kidogo, ipunguzwe kwa tupa ikishafungwa. Maelezo hayo nilimpa mjomba mara mbili. Yeye akaona ndefu ndiyo imara, akaikaza yote, ncha ikatokeza juu, na bunduki ikagoma kukokiwa. Nguruwe walikula mahindi mpaka Jumapili, tupa ilipopatikana kwa jirani.

Ndugu zangu wenye Mauser za urithi, nunueni bisibisi ambayo ncha yake inajaa kwenye mfereji wa skrubu. Inauzwa Gerezani, na hakuna atakayekuuliza ni ya nini.