Vidole Viwili vya Nani?

Vijana wanaoshusha magari hapa Dar es Salaam hawapimi uwazi wa tairi na fenda kwa futi. Wanapima kwa vidole. Gari likitoka Japani jinsi lilivyo, pale juu ya tairi inaingia ngumi. La mstaarabu, vidole vitatu. La mtu aliyekwisha kukata shauri, viwili. Lile lisiloingia hata kidole kimoja huwa halionekani barabarani, kwa sababu liko gereji.

Ila hakuna anayesema ni vidole vya nani. Mpwa wangu ana Toyota Altezza, lile ambalo Wajapani waliliuza kwao kuanzia 1998 hadi 2005, na ana vidole vya mtu anayeshinda kwenye kompyuta. Fundi wake ana vidole kama mihogo. Walipatana “viwili”, wakapeana mikono, kila mmoja akiondoka na gari lake kichwani.

Nitamtetea mpwa wangu kidogo. Kushusha gari si urembo mtupu. Uzito ukikaa karibu na lami, gari halilali sana kwenye kona na pua haiinami sana ukikanyaga breki. Nilichokataa ni grinda. Fundi alikuwa ameshaishika mkononi, tayari kukata springi. Springi yenye mizunguko sita ukiipunguza mmoja haifupiki tu, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20 hivi, na ile ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kitako chake. Wapo pia wanaoipasha springi moto kwa gesi mpaka inywee. Hao nawaombea dua tu, maana chuma kilichopoteza ugumu wake huendelea kushuka siku yoyote kinayotaka, na mara nyingi upande mmoja.

Basi mpwa akanunua shokapu zenye nyuzi, zile unazozungusha kupandisha na kushusha gari. Nikadhani tumepona. Kumbe sasa ndiyo tumepewa uhuru wa kuchagua, na uhuru huo ndio uliotutoa jasho.

“Mjomba,” akaniambia, “Japani sheria inataka sentimita 9 tu chini ya gari. Wanaishi.”

Ni kweli, sheria yao ndivyo inavyosema. Lakini aliyeiandika hajapata kufika mtaani kwetu Tabata, ambako tuta halikuletwa na mhandisi. Lilimwagwa na wakazi wenyewe siku ya Jumamosi, kwa mchango, na kila mwenye mtoto aliongeza koleo lake moja la zege. Nikamwambia, kabla hujagusa hizo nyuzi, nenda kapime tuta.

Akaenda jioni, na futi na kijibao, akiwa amevaa kizibao cha njano cha rafiki yake ili bodaboda wamwone. Nadhani wasomaji wa Dar wameshajua kilichofuata. Mtu aliyevaa kizibao cha njano akionekana anapima barabara na kuandika, mtaa mzima unajua kitu kimoja tu: bomoabomoa. Kabla hajamaliza, mwenye kibanda cha chipsi alikuwa amesharudisha meza yake nyuma hatua mbili. Mama mmoja akatoka kukagua ukuta wake kama umeshapigwa alama ya X. Mjumbe akaja na shati halijafungwa vifungo, akauliza kwa upole wa kutisha, “Kijana, umetumwa na nani?”

“Napima tuta, mzee. Nataka kushusha gari.”

Jibu hilo halikumridhisha mtu. Nani duniani anatembea na kijibao kwa ajili ya gari? Ilibidi niitwe, nikaeleza habari za uwazi, sampo na egzosi mbele ya umati, na nina hakika wengi walirudi makwao wakiamini tumehongwa wote wawili.

Tuta lilikuwa sentimita 9. Chini ya Altezza, pale egzosi inaponing'inia katikati, tulipata 14. Mpwa akaruka: tano za kuchezea! Nikamkumbusha kwamba amepima gari tupu, na gari tupu halijapata kuonekana katika ukoo wetu. Likiwashwa tu, kuna mtu anaelekea upande huo huo.

Kwa hiyo tukaipeleka familia gereji. Hili simshauri mtu mwenye shangazi. Nyuma walikaa mama yake, shangazi na binamu, mbele mimi, na kwenye buti gunia la mchele lililokuwa likielekea kwenye shughuli. Fundi akaingia chini na tochi. Jua la saa saba, vioo juu kwa sababu ya vumbi la grinda ya jirani. Kisha sauti ikatoka uvunguni, kubwa, bila adabu yoyote: “Nyuma kumelala sana! Huyo wa kulia ashuke kwanza!”

Wa kulia alikuwa shangazi. Hakushuka. Alisema amekuja kupimiwa gari, si kupimwa yeye, na kwamba kama gari halimwezi basi liuzwe. Fundi akapima hivyo hivyo, yeye akiwa amebana pumzi. Katikati zilikuwa zimebaki 11.

Toa 9 za tuta. Fundi akachomeka kidole kimoja kwenye hewa, akakitazama, akasema, “Kimoja. Changu.” Sentimita 2 basi. Mpwa alijaribu kudai kwamba kwa vidole vyake hiyo ni karibu viwili, na tukamwachia ushindi huo kwa sababu kelele zilikuwa zimetosha. Baada ya hapo alaimenti ikarekebishwa, maana gari likishuka magurudumu huinamia ndani kwa juu, na tairi zinakula upande wa ndani ambao huuoni mpaka waya zitokeze.

Wiki hiyo gari lilipendeza, sikatai. Lilivuka tuta likiwa na shangazi, kwa kukata mshazari ili tairi zipande moja moja, na hakuna kilichokwaruza.

Lakini kule kwa mjumbe hesabu ilikuwa imefanyika ya namna yake. Kama kijana amelipima tuta na kutoka anacheka, wakasema, basi tuta halimzuii. Mchango ukapitishwa nyumba kwa nyumba. Na kwa kuwa mtaani anajulikana mtu mmoja tu mwenye vipimo, Ijumaa wakamtuma mtoto aje kumwuliza mpwa wangu zege lifike sentimita ngapi.

Akajibu kumi. Wakamwaga kumi na nne.