Namna ya Kupanda Mlima Kenya Ukiwa Umekaa Nchiru

Huhitaji buti wala hema. Tafuta meza pana, ramani ya zamani ya topografia yenye kipimo cha 1:50,000, na kikombe cha chai kikae mbali na karatasi. Ukiwa Nchiru, huku Meru, mlima uko kusini-magharibi. Zungusha ramani mpaka ikubaliane na dirisha.

Sentimita mbili ni kilomita moja. Kabla hujafurahia ufupi wa safari, tazama kontua, ile mistari ya mwinuko. Zikibanana kama nyuzi za mkeka, mbele yako kuna ukuta; zikiachana, utatembea ukipiga hadithi. Pandia upande wa Chogoria, upumzike Ziwa Ellis, kisha uchungulie Ziwa Michaelson kule chini bondeni.

Simu usiiamini upesi. Ramani nyingi za zamani za Kenya zinafuata mfumo wa viwianishi wa Arc 1960, na simu yako inafuata WGS 84. Ukihamisha namba za mahali bila kuzigeuza, utapotoka karibu mita 300, na penye ukungu hizo zinatosha kukutoa njiani hadi ukingo wa genge.

Wala usiseme umekosa ramani. Januari 1943, Felice Benuzzi na wenzake wawili, wafungwa wa vita kutoka Italia, walitoroka kambi ya Nanyuki wakaukwea mlima huu wakiongozwa na picha yake kwenye lebo ya kopo la nyama! Wawili walifika kilele cha Lenana, mita 4,985, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Nauheshimu ujasiri wao, lakini wewe tafuta ramani.

Sasa tafuta barafu kwenye ramani yako, maana uhondo wote uko hapo. Halford Mackinder, aliyefika kilele cha Batian mwaka 1899, aliuchorea mlima ramani. Mwaka 1934 Carl Troll na Karl Wien waliipima barafu ya Lewis kwa makini. Linganisha kazi yao na picha za setilaiti za leo: Lewis imebaki mabaki, na barafu ya Gregory imekwisha kabisa. Ramani mpya haiwezi kukuonyesha hasara hiyo. Ya zamani inaitolea ushahidi, pamoja na vyanzo vya mito tunayoinywa Meru na Embu.

Kwa hiyo, kama babu alikuwa mpimaji na sandukuni mna ramani zilizokunjwa, usizitumie kuwashia jiko. Zipeleke maktaba ya chuo kikuu iliyo karibu, uombe zichukuliwe nakala za kidijitali kabla mchwa hawajazifikia.